Jasi Iliyobatizwa Chokaa

Alhamisi, jua linaelekea kuzama. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Nimeinywa hivyo hivyo.

Nimekasirika. Hapana, kukasirika ni neno lenye adabu mno. Naona kinyaa. Tangu jana kuna kitu kimenikaa kooni, hakipandi wala hakishuki, na kila nikifumba macho namwona mtu mzima akimeza maji kwa mbwembwe, koromeo linapanda na kushuka, na watu wengine wazima wamemzunguka wanacheka.

Acha nianze mwanzo. Nikianzia hapo katikati nitaandika matusi, na baadhi ya wanafunzi wangu wana kaka zao wanaosoma blogu hii.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi huku kaskazini, upande wa Tarbaj. Kwetu ni Mwingi. Watoto wananiita Mwalimu Mumbua, wazazi wao wananiita Maalima, ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike kwa Kisomali. Nina mkataba wa muda, na anayeandika ripoti yangu kila mwisho wa muhula ni mwalimu mkuu. Hilo la ripoti nalitaja mapema ili mjue kwamba ninachoandika hapa si cha mtu mwenye raha zake.

Muhula huu gredi ya sita tumefika kwenye mawe na madini. Kitabu kina picha nzuri, naambiwa. Sisi tuna nakala za mashine, nyeusi na nyeupe, na humo mawe yote yanafanana na viazi. Unamwonyesha mtoto kiazi cha kwanza unamwambia hii ni ulanga, kiazi cha pili hii ni jasi, kiazi cha tatu hii ni kwazi, naye anaandika, anakariri, anasahau. Nilijaribu hivyo siku moja tu nikaona aibu. Kesho yake nilienda darasani na nyundo.

Niliwaambia hivi: msiniambie rangi ya jiwe. Rangi inadanganya, jiwe moja linaweza kuwa jeupe hapa na la waridi pale. Niambieni linavyopasuka. Kila madini yana mpasuko wake, na huo hayawezi kuuficha.

Basi tukaanza kupasua. Ulanga tuliubandua kwa ukucha, tabaka baada ya tabaka, nyembamba kuliko karatasi, ukiiweka jichoni unamwona mwenzako upande wa pili ana rangi ya chai. Chumvi ya mawe, ile wanayolambishwa ngamia, ukiigonga inatoa vijisanduku, na ukikigonga kisanduku kinatoa visanduku vidogo zaidi, mpaka uchoke wewe. Kwazi haina njia yake ya kupasuka. Inavunjika ovyo kama chupa na kumkata asiye mwangalifu. Na jasi hutoa mabamba laini yanayong'aa, kisha ukipitisha ukucha juu yake unaacha mstari. Jiwe linalokwaruzwa na ukucha wa mtoto! Hilo liliwafurahisha kuliko yote. Wasichana wenye hina kwenye kucha zao zote walishinda wakichora majina yao kwenye jasi.

Sitaki mfikiri ni kazi safi. Mimi ni mtu wa kuona kinyaa haraka, ndugu zangu wananitania kwamba hata glasi ya maji naikagua kama daktari. Na watoto hawa, wakitaka kuona uso wa jiwe vizuri, wanalitemea mate. Wanalitemea, wanalisugua na shati, wanaliinua kwenye mwanga, kisha kwa heshima zote wanalinyoosha kwangu nilishike. Mengine yalitoka kwenye zizi la mbuzi na harufu ikaja nayo. Kanuni yetu ya darasa ni kwamba jiwe huvishwa soksi kabla ya kugongwa, vipande visije vikaruka machoni. Soksi ni zangu. Siwezi kueleza zilivyo sasa.

Lakini nilizoea. Nilishika mate yao yote, kwa sababu upande wa pili wa mate palikuwa na mtoto anayesema, "Mwalimu, hii imepasuka pande tatu, si ni chumvi?"

Aliyekuwa akiona upesi kuliko wote ni Ifrah. Ni msichana mrefu, mkimya, anakaa karibu na mlango kwa sababu anasema ndani kuna joto. Haongei Kiswahili kingi, ila akilitoa neno amelipima. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake kwamba nyumbani kwao wanavunja chumvi ya ngamia tangu azaliwe na hajawahi kuona kipande cha mviringo kikitoka. Alisema hivyo kwa mshangao, kwamba alikuwa akikiona kila siku na hakujua ni jambo la shuleni.

Sasa nije kwenye berkedi.

Berkedi ni tangi linalochimbwa ardhini na kujengewa kuta za mawe, mvua ikinyesha maji yanaingia humo na watu wanayatumia wakati wa kiangazi. Shule yetu haijawahi kuwa nayo. Tunategemea lori la maji, nalo huja linapotaka. Siku ambazo halijaja watoto wanakaa darasani midomo imewakauka, na mchana nusu ya darasa inalala juu ya dawati. Kwa hiyo habari za berkedi zilipofika, hata mimi nilipiga vigelegele. Mwanakandarasi ni bwana mmoja anaitwa Dubow, mtu mcheshi, ana sauti ya kujaza soko. Mafundi wake walichimba, wakaanza kujenga, na kando ya shimo pakamwagwa rundo kubwa la mawe ya kujengea. Mawe ya chokaa, tuliambiwa. Magumu, ya kudumu.

Nilipita kando ya rundo lile kila siku nimejifunga leso puani kwa sababu ya vumbi. Niliona yanametameta. Sikujiuliza.

Jana Jumatano palikuwa na mkutano wa wazazi na kamati ya shule darasani kwetu, waione kazi kabla kuta hazijapigwa plasta. Kuta zimefika nusu. Mwalimu mkuu aliniambia niandae mtoto mmoja afanye onyesho kidogo la sayansi, wageni wapumbazike wakati nyama inaiva. Hayo ndiyo maneno yake, wapumbazike. Nikamchagua Ifrah.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya kawaida kabisa. Somo letu linakula mawe. Ukishalipasua jiwe limekwisha, huwezi kulipasua tena likawa onyesho. Sanduku letu la mawe lilikuwa limebaki na vumbi na vipande. Ifrah alipofunua sanduku mbele ya wazee na kuona halina kitu, hakubabaika. Alitoka mlangoni, akaenda kwenye rundo la mwanakandarasi, akarudi na jiwe la ukubwa wa mkate.

Akalivisha soksi. Akaliweka sakafuni juu ya jiwe kubwa. Akagonga.

Alipolitoa, lilikuwa limefunguka mabamba. Akachukua bamba moja, akalitemea mate, akalisugua na kitambaa chake, akalipitishia ukucha. Mstari ukaonekana. Alitabasamu, maana alijua jibu, na mtoto anayejua jibu hana jingine la kuwaza. Akasema kwa sauti, kama nilivyomfundisha: "Hili si jiwe la chokaa. Hii ni jasi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza jasi ni nini. Kabla mwalimu mkuu hajafungua mdomo nilisimama nikaeleza. Nilisema jasi ni laini. Nilisema maji yanaila polepole, ukuta uliojengwa kwa jasi unalegea, na siku moja unaweza kuanguka ndani. Na maji yaliyokaa na jasi yanakuwa machungu na kuendesha tumbo, hasa la mtoto. Nilisema tafadhali mawe yakaguliwe kabla ya mvua. Sikupaza sauti.

Wazee wakamgeukia Dubow.

Kisha Dubow akacheka. Alicheka vizuri, kicheko cha mtu aliyealikwa harusini. Akaomba glasi ya maji. Akachukua kipande cha jiwe alichokipasua Ifrah, chenye mate yake bado, akakitumbukiza kwenye glasi, akakoroga kwa kidole chake. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ya kusikika nje. Akanywa. Akanywa yote, koromeo linapanda linashuka, akapangusa ndevu, akasema, "Wallahi tamu! Mwalimu, kama hii ni sumu niongezee glasi nyingine."

Wakaangua kicheko. Wazee waliokuwa wamekunja uso dakika hiyo hiyo wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi nilitaka kutapika. Si kwa ajili ya mate, Mungu anajua mate nimeyazoea. Ni ule ujanja. Maji yaliyokutana na jiwe kwa muda wa kupiga chafya hayawezi kuwa na ladha ya jiwe, na yeye anajua hivyo, na alijua kwamba chumbani mle aliyejua hivyo alikuwa mwanamke mgeni na watoto wa gredi ya sita. Alisema uongo kwa kutumia koo lake mwenyewe. Na alilitaja jina la Mungu akiwa ameishika glasi, kitu ambacho mimi Mkristo kilinichoma, sijui waumini wenzake kiliwafanyaje.

Nikafungua mdomo niseme kwamba maji ya berkedi yatakaa humo miezi. Mwenyekiti wa kamati akaniinulia mkono kwa upole: "Maalima, wewe mgeni wetu. Kaa, kunywa chai."

Hata hilo ningelimeza. Nimemeza mengi huku na kwetu pia. Kilichonikaa kooni kilikuja baadaye.

Mwalimu mkuu alisimama. Yeye si mtu wa hapa, ni mtu wa bara kama mimi, na jiografia ndiyo aliyosomea chuoni. Jasi anaijua. Anaijua kuliko mimi. Alimshika Ifrah bega, akamgeuza awatazame wageni, akasema kwa ile sauti yake ya gwaride: "Mtoto wetu amekosea kidogo, ni kawaida, bado anajifunza. Ifrah, rudia. Hili ni jiwe la chokaa."

Ifrah alinitazama.

"Rudia, usiogope."

Ifrah akasema, "Hili ni jiwe la chokaa."

"Zuri na gumu."

"Suri na gumu," akasema kwa matamshi ya nyumbani kwao.

Wakampigia makofi. Dubow akampapasa kichwani juu ya mtandio na kusema huyu atakuwa daktari. Mtoto akarudi kukaa karibu na mlango, lile bamba la jasi amelishika mkononi bado, na hakulitazama tena.

Baadaye ililetwa nyama ya mbuzi, wali na mchicha. Mafuta yaliganda ukingoni mwa sinia mbele yangu, meupe, nami niliyaangalia tu. Mwalimu mkuu alikaa kando yangu akila kwa bidii, akanong'ona bila kuacha kutafuna: "Mumbua, jiwe ni jiwe. Tukiwavuruga hawa, kazi inasimama, mvua inakuja hatuna tangi. Afadhali maji machungu kuliko hakuna." Kipande cha mchicha kilikuwa kimemkwama jinoni. Siwezi kuacha kukiona kile kipande.

Ningependa kuandika kwamba hoja yake ni ya kipumbavu, lakini ina mguu mmoja wa kusimamia, na ndiyo maana inanitia kichefuchefu zaidi. Ni kweli tunahitaji maji. Ni kweli kabisa. Ila alikuwa anaweza kusema hivyo kwa wazazi, kwa uwazi, wachague wenyewe: berkedi ya jasi sasa, au mawe mengine na kungoja. Hakuwapa nafasi hiyo. Alichukua mdomo wa mtoto akaufanyisha kazi yake.

Jana sikulala vizuri, sitaki kulizungumzia.

Leo asubuhi niliingia darasani nikiwa sina hamu hata ya chaki. Nilipanga tufanye hesabu. Niliwaambia wafunge vitabu vya sayansi, na hapo Ifrah akainua mkono. Ifrah hainui mkono. Huwa anangoja mpaka nimtazame.

Akauliza, "Mwalimu, kwa mtihani niandike jasi ama niandike chokaa?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Ingekuwa ujeuri ningefurahi. Aliuliza kama mtoto anavyouliza aandike kwa kalamu au kwa penseli. Alitaka kujua utaratibu. Darasa zima lilingoja, kalamu mkononi, tayari kuandika jibu lolote nitakalotoa.

Nimefundisha miaka sasa na sijawahi kuulizwa swali baya kama lile.

Nilienda dirishani. Nikajifanya natazama upepo. Nje, mafundi wa Dubow walikuwa hawajafika, na lile rundo lilikuwa limekaa pale likimetameta kwa jua bila aibu. Nikawaza mambo mawili, moja la woga na moja la hasira. La woga lilisema mkataba wako, Mumbua, na karo ya mdogo wako. La hasira lilinikumbusha lile bamba mkononi mwa Ifrah.

Nikageuka, nikamwambia, "Andika ulichokiona likipasuka."

Mvulana mmoja nyuma akauliza, "Na mwalimu mkuu akikataa?"

Ndipo nikatoa kazi ya nyumbani. Sikuwa nimeipanga, ilitoka yenyewe. Niliwaambia kila mmoja, akitoka shule leo, apite kwenye rundo achukue jiwe moja analoweza kubeba. Aende nalo nyumbani. Alivishe kitambaa, mkubwa wa nyumbani ashike nyundo, walipasue mbele ya baba na mama na yeyote aliyeko. Asiseme ni jiwe gani. Asiseme neno lolote. Alipasue tu, awaache wajaribu kwa ukucha wao wenyewe, kisha awaulize wao: hili ni jiwe gani?

"Hata kama baba ako na wageni?" akauliza mmoja.

"Hasa kama ana wageni."

Walicheka. Mimi sikucheka, lakini kile kitu kooni kilisogea kidogo.

Mchana mafundi walikuja, wakapandisha mistari kadhaa ya ukuta, wakaondoka kabla ya kengele ya mwisho. Kengele ilipolia watoto walikwenda kwenye rundo kwa mstari, kimya, kama wanavyokwenda kuchukua uji. Gredi ya sita ni kubwa. Gredi ya tano waliona wakadhani ni lazima kwa wote, nao wakachukua. Kisha wadogo wakabeba vidogo. Nilisimama mlangoni mwa darasa nikawaangalia wakitawanyika uwandani na mawe vichwani, mawe mikononi, mawe kwenye mifuko ya vitabu, na mwalimu mkuu akatoka ofisini akauliza nini hiki. Nikamwambia ni kazi ya nyumbani, mpasuko wa madini, ipo kwenye mtaala. Akayatazama yale mawe vichwani, akarudi ofisini. Nadhani alikuwa anatafuta jinsi ya kukataza bila kutaja kwa nini, na hakuipata.

Rundo limebaki kidogo sana. Kuta zilizokwisha kujengwa ziko pale pale, sijidanganyi. Nilichofanya ni kupunguza uongo wa kesho, ule wa jana bado umesimama shimoni.

Nimerudi nyumbani, nimeosha mikono mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nilikaa hapa mlangoni na chai yenye vumbi, na baada ya muda nikaanza kusikia. Ko. Ko ko. Kutoka nyumba hii, kisha ile ng'ambo ya barabara, kisha mbali huko karibu na soko. Kugonga kwa kusitasita, kisha kugonga kwa nguvu. Mahali fulani mwanamume alipaza sauti kwa Kisomali, sikuelewa neno, nilielewa mshangao.

Simu yangu imelia. Mwalimu mkuu. Imelia tena. Sijapokea, si kwa ushujaa, ni kwamba nikiisikia ile sauti yake ya gwaride sasa hivi nitatapika kweli.

Ndipo akaja Mama Ifrah. Sijawahi kumwona akija kwangu. Ni mwanamke wa kuuza maziwa ya ngamia asubuhi, tunasalimiana njiani tu, Kiswahili chake ni cha soko, z anaitamka s na p anaitamka b. Alisimama nje, kitu amekifunga kwenye ncha ya shuka lake. Alikifungua: mabamba ya jasi, manne au matano, mengine yamekwaruzwa mistari mpaka yamechakaa.

"Asalaam aleikum, Maalima."

"Waaleikum salaam, Mama Ifrah. Karibu ndani."

Hakuingia. Alisema, "Baba yake amebasua. Ameona. Amesema labda hii moja tu ni mbaya. Ametuma mtoto kwa jirani. Ya jirani biya namna hii hii." Alinionyesha ukucha wake mwenyewe, wa kidole gumba, ukiwa na unga mweupe chini yake. Alikuwa amejaribu naye. "Wasee wamekuja kwetu. Wengi. Mwenyekiti biya. Jana walikuambia kunywa chai. Leo wanasema wewe kuja, usungumuse. Baada ya Magharibi."

Nikamwambia nitakuja. Nikamuuliza Ifrah yuko wapi, mbona hakuja naye.

Akatazama chini, akazungusha lile shuka mkononi. "Ifrah amekataa kula. Tangu jana. Mimi nadhani ni homa. Leo ndio amesema. Anasema jana aliulizwa mbele ya watu wote, akasema uongo. Anasema sasa watu wote wako nyumbani." Alitafuta neno la Kiswahili, akalikosa, akalizunguka. "Anataka mtu amuulise tena."

Ameondoka. Mimi nimekaa kuandika haya kwa haraka kabla adhana haijaita. Sijui wazee wataamua nini. Pengine Dubow atakuwepo na glasi yake. Pengine wiki ijayo nitakuwa kwenye basi la Mwingi na mfuko wangu, na berkedi itajazwa hivyo hivyo. Kinyaa hakijanitoka, na sitaki kinitoke upesi, maana kikinitoka nitaanza kuelewana na watu kama mwalimu mkuu.

Lakini kuna mtoto mwenye njaa anayengoja swali. Nitaingia, nitavua viatu, nitawasalimia wote kwa heshima zao. Kisha nitamuuliza mimi.